Mcheza kwao hutunzwa; na asiye na kwao?

Yapo makao ya watoto kando ya barabara itokayo Meru kuelekea Maua ambayo jina lake sitalitaja. Nilifika hapo Agosti mwaka 2018, wakati wa likizo, nikiwa nimefuatana na wanafunzi wangu wawili waliokuwa wakikusanya nyimbo za michezo ya watoto katika lahaja za Kimeru. Hatukujua kwamba tungewakuta wageni wengine. Walikuwa vijana kumi na wawili kutoka Ulaya, wamevaa fulana za rangi moja, wakipuliza maputo, wakiwapaka watoto rangi usoni na kuwafundisha nyimbo za Kiingereza. Watoto walicheka hadi machozi yakawatoka. Nami nilicheka.

Tuliporudi baada ya majuma mawili wageni walikuwa wamekwenda zao. Uwanja ulikuwa kimya. Mtoto mmoja, wa miaka sita hivi, alikuja akanishika mkono kana kwamba tumejuana tangu azali, akataka kujua iwapo nami nitaondoka kwa basi. Nilimwuliza mlezi wao, mama wa makamo, iliko mipira niliyoiona siku ile. Akanichukua hadi stoo, akafungua kufuli. Humo mlikuwa na mipira, wanasesere, tiara na kamba za kuruka, vingine vikiwa bado katika karatasi zake.

"Mwalimu," akaniambia, "nikivitoa vitaharibika. Wageni wa Desemba wakija, wakute nini?"

Maneno hayo sijayasahau. Yamenifanya niutazame upya wema ambao kila mwaka huwaleta vijana wa nchi za mbali hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ili wawachezeshe watoto wetu waliofiwa, waliotupwa au waliozaliwa katika ufukara. Azma ya makala haya si kuwakejeli wageni hao. Mja mwungwana hamcheki anayeacha raha ya kwao akaja kumchekesha mtoto wa mwenzake. Swali langu ni jingine: mchezo ni wa nani, na unabaki na nani basi likishaondoka?

Tuanze kwa kukiri kwamba wazo lenyewe ni jema. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa mtoto mwenye shida ahitaji chakula, nguo na dawa, na kwamba mchezo ni anasa ya baadaye. Wako waliotuonyesha kwamba tulikosea. Mwezi wa Februari mwaka 1993, mchekeshaji wa sarakasi wa Barcelona ajulikanaye kwa jina la Tortell Poltrona alikwenda kuwachekesha wakimbizi katika rasi ya Istria nchini Croatia, wakati nchi za iliyokuwa Yugoslavia zikiteketea kwa vita. Kwa safari hiyo kilianzishwa chama cha wachekeshaji wanaovuka mipaka bila malipo ili kuwafikia watoto wa kambini, nacho kina matawi katika nchi kadhaa hadi leo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, Johann Olav Koss, bingwa wa Norway wa mbio za kuteleza kwenye barafu, alizuru Eritrea, nchi iliyokuwa imetoka vitani muda si mrefu. Huko aliwakuta wavulana wakicheza kwa mpira uliofanywa kwa shati lililoviringishwa na kufungwa kwa mikono yake. Mwenye shati alikuwa na marafiki wengi kupita wenzake, kwa sababu shati lake lilikuwa na mikono mirefu! Miezi michache baadaye Koss alishinda nishani tatu za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Lillehammer mwaka 1994, na umaarufu wake akautumia kuchangisha fedha kwa ajili ya michezo ya watoto wenye dhiki. Juhudi hizo ndizo zilizozaa shirika la Right To Play.

Msomaji aliyekulia Embu au Meru hahitaji kuelezwa habari ya shati lile. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya themanini tulifunga mipira kwa karatasi za nailoni na kamba za katani, tukaunda magari ya waya, tukafukuza ringi za baiskeli hadi sokoni, na wasichana wakacheza kati na kuruka kamba hadi giza lilipoingia. Hatukumngoja mgeni. Hatukujua hata kwamba tulikuwa maskini, kwa kuwa mchezo ulikuwa wetu.

Tena, ni Embu hiyohiyo iliyoufunza ulimwengu jambo kubwa kuhusu mtoto na mchezo, ingawa wengi wetu hatuna habari. Katikati ya miaka ya themanini watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles waliwafuatilia watoto wachanga wa Embu majumbani mwao. Walibaini kwamba watoto waliosemeshwa mara kwa mara, walioitikiwa kila walipotoa sauti, na walioshirikishwa katika maongezi na michezo ya muda mrefu, walifanya vyema zaidi katika vipimo vya akili walipofika umri wa miaka miwili na miwili na nusu. Mimi niliyeajiriwa kufundisha isimu sina ushahidi mwingine niupendao kama huo. Lugha haimwingii mtoto kama maji yanavyomiminwa mtungini. Humwingia kwa kupokezana. Yeye hutoa sauti, mwenzake akaitikia, naye akatoa nyingine. Mchezo ni mazungumzo kabla ya maneno.

Kisha, kuanzia mwaka 1998, timu iliyoongozwa na Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo ilifanya utafiti katika shule 12 za msingi za Kyeni Kusini, upande wa Runyenjes. Watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa shule. Baadhi yao walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri pamoja na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula shuleni. Watafiti hawakuishia kuwapima uzito na kuwatahini darasani, bali waliwatazama uwanjani wakati wa mapumziko. Waliokula nyama ndio walioonekana wakikimbia na kuruka zaidi, wakianzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Funzo la hapo ni dhahiri shahiri: ukitaka kujua hali ya mtoto, usitazame daftari lake peke yake, mtazame anavyocheza. Tena, mchezo na chakula si mahasimu. Mtoto mwenye njaa hukaa ukutani akiwatazama wenzake, na puto halitamwinua.

Ikiwa mchezo una uzito kiasi hicho, basi hatuna budi kuuliza unavyoletwa. Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika fani yangu kidogo, kwani Kiswahili kimekwisha kututafutia jibu katika minyambuliko ya kitenzi kimoja.

Tuna kitenzi *cheza*. Tukisema wageni wanacheza na watoto, tuna maana kwamba wote wamo mchezoni: mgeni anaweza kushindwa, anaweza kuchekwa, anaweza kufunzwa sheria asizozijua. Tukisema wanawachezesha, tumeingiza kauli ya kusababisha: mmoja ana filimbi na mwingine anafuata. Si jambo baya, kwa maana hata mwamuzi huchezesha mpira na mwalimu huchezesha darasa. Lakini filimbi ikiondoka, mchezo nao huelekea kukoma. Tukisema wanawachezea, tumefika penye hatari, maana kauli ya kutendea ina nyuso mbili. Kumchezea mtu ngoma ni kumheshimu. Kumchezea mtu, basi, ni kumfanyia dhihaka. Tofauti kati ya heshima na dhihaka imefichwa katika umbo lilelile moja, wala haionekani hadi utazame nani ananufaika.

Vivyo hivyo neno *kujitolea*. Mzizi wake ni *toa*. Sauti *l* iliyodidimia hurejea tunapoongeza kiambishi cha kutendea, kisha kiambishi *ji* humrejeza mtenda kwake mwenyewe. Anayejitolea, kwa mujibu wa lugha yetu, hatoi puto wala peremende. Anatoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Na nafsi haitolewi kwa majuma mawili halafu ikarejeshwa begini.

Hapa ndipo penye jeraha. Mtoto wa makao ni mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja. Kila kundi la wageni linapomkumbatia na kuondoka, anaachwa tena. Aghalabu wageni husimulia kwa furaha jinsi watoto hao walivyowakimbilia na kuwashika mikono mara tu waliposhuka garini, wasijue kwamba mtoto aliyelelewa na mlezi mmoja wa kudumu huwa na soni mbele ya mgeni, na kwamba mtoto anayemkumbatia kila apitaye huenda hana wake. Utafiti mashuhuri ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 uliwalinganisha watoto waliobaki katika makao na waliopelekwa kwa familia za malezi. Waliopata familia, hasa mapema, walipiga hatua katika lugha, akili na uwezo wa kumpenda na kumwamini mlezi. Hapana idadi ya vichekesho iwezayo kufanya kazi ya mtu mmoja asiyeondoka.

Isitoshe, mlango uliofunguliwa kwa kila mgeni haujui kuchagua. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma nchini Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka 40 kijana aliyekuja Kenya kujitolea katika makao ya watoto kisha akawanajisi. Alipokelewa kwa imani na kwa nyimbo. Sisemi kwamba wageni wote ni wa namna hiyo, la hasha! Nasema kwamba shule yoyote ya humu nchini ingemtaka mwalimu wake alete vyeti na ushahidi wa mwenendo mwema, ilhali mgeni mwenye maputo huingia hadi bwenini kwa tabasamu tu.

Serikali yenyewe imeanza kulitambua tatizo hili. Novemba mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wenye nia ya kuwarejesha watoto katika familia na jamii zao. Sheria nazo hazikosekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sheria yetu ya Watoto ya mwaka 2001 iliitaja haki hiyo waziwazi, na ile ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake haikuiacha. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Tuna karatasi za kutosha. Tunachokikosa ni watu uwanjani.

Nakumbuka nilijaribu kumweleza yule mama wa makao baadhi ya haya. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, kisha akaniuliza: "Sawa, Mwalimu. Hao wanatoka ng'ambo ya bahari na wanakuja mara mbili kwa mwaka. Nyinyi mnatoka hapo Chuka na Embu. Mmewahi kuja mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepita mbele ya lango lile kwa miaka mingi nikielekea kwenye mikutano ya kitaaluma, ambako tulijadili kwa Kiingereza jinsi lugha za mama zinavyokufa. Siku hiyo nilikuwa nimeingia kwa sababu nilihitaji nyimbo za watoto kwa utafiti wangu. Wageni walileta maputo wakachukua picha. Mimi sikuleta chochote, nikachukua nyimbo. Tukipimwa kwa mizani moja, sijui ni nani kati yetu aliyewachezea watoto wale.

Kwa hivyo lawama niliyoanza nayo haina budi kurudi nyumbani. Nani aliyeua mchezo Meru na Embu kabla ya mgeni kuja kuufufua? Ni sisi walimu. Kwa miaka mingi kipindi cha elimu ya viungo kilikuwa katika ratiba kwa ajili ya mkaguzi. Saa yake ikifika, mwalimu wa hisabati aliingia na chaki yake. Mtihani wa KCPE ulitusukuma, nasi tukawasukuma watoto. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa hivyo kisingizio hicho kimezikwa. Lakini ningependa kujua ni viwanja vingapi vimefufuka. Ni sisi pia tuliomvika mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kimeru au Kiembu, tusitambue kwamba nyimbo za kuruka kamba, vitendawili, mafumbo ya kuhesabu na kejeli za utani zilikuwa katika lugha hizo. Ukimnyang'anya mtoto lugha anayochezea, umemnyang'anya nusu ya mchezo wenyewe.

Wahenga walilonga kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wapo wasemao *hutuzwa*, yaani hupewa tuzo. Wapo wasemao *hutunzwa*. Wanafunzi huniuliza lipi sahihi. Huwajibu kwamba yote mawili yanasemwa, na kwamba kutunza kwenyewe kuna maana mbili: kumpa zawadi anayecheza vizuri, na kumlinda mtu asipatwe na dhara. Kwao ndiko mahali ambapo maana hizo mbili hukutana. Anayekushangilia uchezapo ndiye atakayekufunga kidonda ukianguka. Mgeni anaweza kukutuza. Kukutunza hawezi, maana kesho hayupo. Sasa mtoto wa makao, asiye na kwao, acheze wapi? Hapo ndipo sisi tulipo karibu tunapotakiwa.

Sipendekezi tuwafungie wageni mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye ujuzi wa sarakasi, wa vikaragosi au wa michezo ya kuigiza na aje, ila apewe jembe la kufundisha wanaobaki: walezi, walimu wa chekechea, vijana wa mtaa. Mchezo wake upimwe kwa swali moja: baada ya basi kuondoka, ni nani atakayeuendeleza? Jambo hili lawezekana. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Bob Munro, mtu wa Kanada. Lakini waliokiendesha mashinani ni vijana wenyewe wa Mathare, na timu zikapewa pointi za ligi kwa kuzoa taka za mitaa yao. Kutokana na vumbi hilo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Aliyetoka ng'ambo alileta wazo. Mchezo ukapata kwao.

Nasi tuna nini? Kati ya Embu na Meru pana vyuo vikuu vya umma kama vile Embu, Chuka na Meru, na vyuo vya ualimu vya Kigari, Egoji na Meru. Hao ni maelfu ya vijana wanaofahamu Kimeru, Kiembu au Kiswahili, wasiohitaji viza wala nauli ya ndege. Mwanachuo mmoja akijifunga kwenda kwenye makao yaleyale, au kwa watoto walewale wa mtaa wa mabanda, kila Jumamosi kwa miaka minne ya masomo yake, amefanya jambo ambalo kundi la watu kumi na wawili haliwezi kulifanya kwa majuma mawili. Mkufunzi wa ualimu na amwagize kila mwanafunzi aandike michezo kumi aliyoicheza bibi yake, kwa lugha ya bibi huyo, kisha aifundishe katika mazoezi yake ya kufundisha. Na mwalimu aliyeko darasani afanye jambo dogo kuliko yote: kipindi cha michezo kikifika, awaache watoto watoke, naye atoke nao.

Wanafunzi wangu wawili walirudi kwenye makao yale Jumamosi iliyofuata, na nyinginezo nyingi hadi walipohitimu. Siku ya kwanza walimwomba yule mama ufunguo wa stoo. Akasita. Wakamwambia asihofu, watafunga mpira wao wenyewe kwa karatasi za nailoni, na watoto wakawaonyesha jinsi ya kuukaza kamba usifumuke. Mwezi wa pili ukaisha. Ndipo mama yule alipotoa mpira mmoja wa dukani, kisha wa pili. Ule wa kwanza ulipasuka kwenye mwiba kabla ya Desemba. Aliponieleza habari hiyo kwa simu hakuwa na huzuni. Alitaka tu kujua kama hapo mjini naweza kupata mtu wa kuuziba.